Tumboni Hamkuwa na Mtoto

Ukunda, Kwale
Mwishoni mwa masika, 1998

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti likuache ulale, maana mvua sasa zimekatika. Migomba iliyolazwa na maji imeinuka? Na mfereji umezibuliwa, au bado mnategeana? Huku kwetu tunamshukuru Mungu, tu wazima, ingawa uzima wangu umepita njia ndefu, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Baba, haya ni mambo ambayo binti humwandikia mama yake, na Mama hatunaye. Ningemwandikia Shangazi, lakini unamjua dada yako: habari ikiingia kwake asubuhi, adhuhuri iko sokoni Taveta. Basi vaa miwani yako usome mwenyewe, wala usione haya. Mimi nimekwisha kuona haya kwa ajili yetu sote wawili.

Unajua mimi na Elia tumekaa miaka bila mtoto. Mwaka jana siku zangu zilivurugika. Mara damu ije kwa wingi hata nishindwe kwenda kazini, mara ikose kabisa. Ilipokosa, tumbo likaanza kujaa. Nikilala chali naliona limeinuka, gumu. Sikumwambia mtu, lakini katika chumba cha kufulia pale hotelini hakuna kinachofichika. Mwanamisi, Mdigo wa Gazi ambaye ndiye mkubwa wetu kazini, alininyang'anya kapu la mashuka mabichi akaniweka kitini nikunje taulo. Hakuniuliza neno, nami sikukanusha, kwa kuwa nilitaka sana iwe kweli. Elia naye, kila akitoka kwenye ujenzi, akawa haji mikono mitupu. Ataleta embe bichi, ataleta ukwaju, tutakula na chumvi na pilipili huku tukicheka bila sababu.

Kisha damu ikaja tena, kwa namna ambayo sijapata kuiona, nikaanguka penye meza ya kupigia pasi. Mwanamisi akanifunga leso zake zote mbili, akanipeleka hospitalini Msambweni akiamini kwamba mimba inatoka. Nami niliamini hivyo. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu anibakishie mtoto.

Daktari alinipaka maji mazito ya baridi tumboni, akapitisha chombo chao huku akiangalia kwenye kioo. Aliangalia sana. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, humu hamna mimba, wala haikuwamo. Huu ni uvimbe wa kizazi."

Baba, kumlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwapo ni kilio cha ajabu, maana hujui unazika nini. Mwanamisi alinishika kichwa mpaka nikanyamaza.

Daktari alinieleza vizuri. Alisema si saratani. Ni nyama ya kizazi chenyewe ambayo hujifanyiza vinundu, na wanawake wengi wanavyo, wengine hata hawajui. Vyangu vilikuwa vikubwa na ndivyo vilivyokuwa vikinimaliza damu. Ningeweza kungoja huku nikimeza vidonge vya kuongeza damu, lakini kwa hali yangu, alisema, kungoja ni kujidanganya. Au kizazi kitolewe chote na ugonjwa uishe. Au nipasuliwe, watoe uvimbe tu, kizazi kibaki. Hii ya mwisho huvuja damu nyingi, uvimbe unaweza kuota tena, na juu ya hayo hakuna anayeweza kuniahidi mtoto. Akanipa vidonge, akaniambia niende nikafikiri na mwenzangu.

Hapo ndipo mimi na mkweo tulipokosana. Nilidhani Elia atang'ang'ania kizazi, nami nikawa nimejiandalia maneno ya kumtuliza. Kumbe yeye ndiye aliyesema kitolewe chote, na upesi. Nilikasirika. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema, kwa sababu si chake. Alisukuma sahani ya ugali pembeni, akatoka akakaa kizingitini kunipa mgongo. Kisha akasema bila kugeuka:

"Nyumba isiyo na mtoto nimekwisha kuizoea, Rehema. Isiyo na wewe sitaizoea."

Lakini Baba, nikisema moyo wangu uligeuka hapo hapo nitakuwa nakudanganya. Bado nilikitaka kizazi changu. Sikujua kama ni kwa ajili ya mtoto au ni kwa sababu tu ni changu.

Nilimwendea Mwanamisi nikitumaini ataniamulia. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu pale kazini, kwamba yeye mwenyewe alitolewa chake zamani kwa ugonjwa huu huu, na hajutii. "Lakini mimi nilikuwa na wanne nyumbani, mwanangu," akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi siwezi kukwambia lala huku au kule."

Mwishowe tulirudi kwa daktari pamoja, mimi na Elia, tukakubaliana hivi: ajaribu kutoa uvimbe peke yake, lakini akiona damu inanihatarisha, akitoe kizazi bila kusubiri kutuuliza. Sharti lile lilimtuliza Elia kidogo. Mimi ndilo lililoniogopesha, lakini nilitia sahihi.

Ikabaki habari ya watu wa kunitolea damu. Elia alikataliwa kwa sababu alikuwa ametoka kuugua malaria. Na unajua, tangu zile fujo za mwaka jana, watu wa bara walipofukuzwa na nyumba zao kuchomwa, sisi tuliotoka huko tumekuwa tukisalimiana na wenyeji kwa tahadhari, nao vivyo hivyo. Sikuwa na uso wa kuomba. Mwanamisi hakungoja niombe. Alimleta kaka yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, ametoka sala ya Ijumaa na kanzu yake nyeupe, pamoja na mpwa wao. Yule mwalimu alitoa damu, akanywa soda aliyopewa, akalala usingizi mzito pale pale kwenye benchi, na Elia akakaa anampepea kwa gazeti. Kabla ya siku hiyo walikuwa hawajapata hata kupeana mkono.

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, ulimi ulikuwa mkavu kama ubao. Nilimshika sista aliyekuwa karibu nikamuuliza kama kipo.

"Kipo," akasema. "Kizazi chako kipo. Sasa lala."

Baadaye daktari alinieleza kwamba ilikuwa kidogo tu akitoe, na kwamba damu ya Wadigo wale yote imo mwilini mwangu. Sasa niko nyumbani, mshono unapona, na Elia hataki nishike hata kata ya maji. Kuhusu mtoto, daktari amesema tungoje kidonda cha ndani kikauke kwanza, na hakutuahidi lolote. Nimeridhika, Baba. Siku nyingine nasema hivyo na naamini, siku nyingine nasema tu.

Liko jambo moja limebaki. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliniuliza kama mama yangu aliugua hivi. Nikamsimulia ninavyokumbuka: Mama akilala mkekani siku nzima, kanga zake nyeusi tu zisizoonyesha damu, zile dawa chungu za kuchemsha, na tumbo lililowadanganya watu zaidi ya mara moja. Nikamsimulia pia kwamba kijijini walisema Bi Tabitha, mkunga aliyenizalisha, ndiye aliyemfunga kizazi ili nisipate ndugu. Daktari alisema hawezi kumsemea mgonjwa ambaye hakumpima, ila ugonjwa huu mara nyingi huandama wanawake wa ukoo mmoja, na kwa hayo niliyomsimulia haoni mkono wa mtu.

Baba, sikulaumu. Walipokushauri uoe mwingine ulikataa, na walipokwambia ni uchawi ulikuwa umechoka. Lakini tangu tumzike Mama hujamwitikia Bi Tabitha salamu, na mara ya mwisho nilipokuja nilimwona akipita penye ua wetu ameinamisha kichwa. Ni mzee sasa.

Elia anakuamkia, anasema akipata nafasi atakuja akujengee lile jiko upya. Msalimie Shangazi, umwambie nilipasuliwa tumbo na nimepona, uishie hapo hapo. Msalimie binamu yangu anayekukatia majani ya ng'ombe, na jirani yetu fundi cherehani.

Na Bi Tabitha, aliyenipokea duniani, salamu zake usimtume mtu. Mpelekee wewe.

Akupendaye, binti yako wa pekee,

Rehema