Mama Anasema Spès Hakutoka Kongo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie na usinitaje jina, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu huku Kasansa, na Januari binti wa mama mdogo, anaitwa Spès, alikuja kwetu kutoka Kongo na tangu siku hiyo sina changu, kwa sababu homa inampanda na kushuka na mchana analala hata tonge likiwa mkononi, basi mimi nachota maji na yeye anafunikwa kitenge cha mama ambacho sijawahi kuruhusiwa kukigusa, na Maximilian, ambaye tulikuwa tunaazimana vitabu vya hadithi, sasa anakuja kumsomea yeye, tena akisinzia anamngoja aamke. Spès ameniambia mimi peke yangu kwamba kule aliumwa na ndorobo, na nimesoma kwenye kitabu cha Baiolojia kwamba ugonjwa wa malale huanza hivyo. Wiki iliyopita alipita mhudumu wa afya, akasema huku malale imebaki kidogo sana, kwa hiyo kila mwenye homa isiyo ya malaria wanataka kujua ametokea wapi. Mama, ambaye naye alitoka Kongo na kungoja uraia wa Tanzania miaka mingi, akajibu, "Atokee wapi tena? Huyu wa hapa hapa." Mhudumu alipoondoka akanigeukia: "Na wewe ukifungua mdomo, nitajua ni wivu tu."

Na kweli ni wivu, mshauri. Kuna siku natamani wampeleke mbali asirudi. Nikisema, nitakuwa nimemsaidia au nimemfukuza?

Mwenye Wivu, Kasansa

JIBU

Binti yangu, wivu wa kitenge nauelewa, na wa Maximilian nauelewa zaidi. Lakini kumwombea mgonjwa apotee ni vibaya, na kunyamaza ili usionekane na wivu ni vibaya zaidi. Ndorobo alimuuma kweli, hata kama anayesema ana kinyongo.

Mhudumu wa afya si mtu wa Uhamiaji. Mweleze mama hivyo kwa adabu, ila usingoje ruhusa yake. Wakiamini Spès ni wa hapo, watahangaika kutafuta ndorobo kwenye mapori yenu, na kule alikoumwa wengine wataendelea kuumwa. Dawa ipo, lakini malale ikishaingia kichwani haina subira.

Kesho, kabla hujashika ndoo, mwambie Spès, "Twende wote zahanati." Akikataa, nenda mwenyewe. Taja Kongo, taja ndorobo. Mama akikuita mwenye wivu, itika.

Akipona, huenda Maximilian akaendelea kuja na vitabu vyake. Utaumia. Umia tu, mwanangu, Spès akiwa macho.