Fundi Mmoja Tu

Kasongo, 9 Mei 1938

Dada Amisa mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka nyumba ya marehemu baba. Hujambo? Goti limepoa? Shemeji Faradji na wapwa zangu hawajambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Uliniuliza kwa nini cherehani ya baba iko kimya. Wavaa kanzu wanapungua, dada, nami sikujifunza kushona kingine. Mdogo wetu Kassimu ndiye aliyetaka kujua kila kitu. Akiona nguo ngeni njiani, alimsimamisha aliyeivaa amwulize inambana wapi, angependa iweje. Siku moja aliazima gauni la Ernestine, mke wa katekista wa misioni, akalifumua lote aone lilivyokatwa, akalishona upya likamkaa vizuri kuliko mwanzo.

Nilimcheka. Nilimwambia fundi haulizi, fundi anaulizwa. Akanijibu kwa upole kwamba watu wa misioni ni wengi, nao wanavaa, na kuwashonea hakutupunguzii dini. Nikamwita mbishi.

Haikupita miezi miwili, wanawake wakajaa barazani na vitambaa vyao, wote wanamtaka Kassimu. Mimi mkubwa niko pembeni na sindano yangu. Hata imamu alimletea yeye koti la mwanawe. Nilimwonea wivu, dada, wivu wa kunikosesha usingizi.

Sasa nikuambie nililoficha. Karani wa serikali alipopita kuandika watu wa kwenda kuchimba barabara ya kwenu Kabambare, mafundi waliachwa. Kassimu alikuwa sokoni kununua nyuzi. Karani akaniuliza nyumba hii ina mafundi wangapi. Nikasema mmoja tu. Kassimu aliporudi alinisihi niende kumtetea; nikasema nitakwenda kesho, na kesho yake wakamchukua. Nilidhani atakaa mwezi mmoja, arudi amenyamaza. Siku ya kumi na moja kilima kikawaporomokea, akafia humo.

Uliniandikia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, lakini katika hii mkono wangu umo.

Mama, unayemtunza hapo, bado hajui nililofanya. Naomba umwambie wewe. Mara mbili nimefunga safari nije mwenyewe, nikafika chini ya kile kilima, nikarudi.

Wasalimie wapwa zangu, kama utaona inafaa kuwatajia jina langu.

Ni mimi mdogo wako,
Lukumani