Gauni la Njano na Mkanda Wake

Wanangu,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto. Nguo zikikauka, zianueni kabla ya mvua.

Nimekwenda harusini kwa shoga yangu. Nimevaa lile lile gauni la njano, na mkanda nimeukaza kiunoni. Ndiyo, hilo mliloniambia asubuhi linanichora tumbo, eti mwenye umbo la chungwa avae jeusi pana. Mbona mlikaa humo tumboni kwa zamu na hakuna aliyelalamika kuwa ni kubwa?

~~Nitarudi mapema.~~ Nitarudi nikichoka kucheza.

Gauni jeusi mliloninunulia nimelitandika kwenye kochi, pale palipochanika. Mlisema kweli, linaficha vizuri sana.

Mama yenu