Fuko kwenye Gazeti la Ukutani

Uyole, Alhamisi, Julai 1975

Fuko ndiye aliyeniokoa. Sikutegemea kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Miezi mitatu nimekuwa nikinakili hotuba za viongozi kwenye gazeti la ukutani pale mashine ya kusaga, kwa mwandiko wangu mzuri, kichwa cha habari kwa rangi nyekundu. Wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima wanakuja na mahindi yao, wanaligeuzia mgongo. Iliniudhi. Nikadhani ni uvivu.

Juzi Mama Sekela, mwanafunzi wangu, akaniambia wazi, "Mwalimu, gazeti lako linatuamrisha tu. Halituulizi kitu."

Basi leo nilibandika swali moja: Nani anajua dawa ya fuko anayekula viazi shambani?

Mama Sekela alisoma kwa kidole, taratibu. Wenzake wakajaa nyuma yake. Wakabishana mpaka mwenye mashine akaita watu wachukue unga wao, asiitikiwe. Kisha Mama Sekela akaokota mkaa, akaandika jibu lake kwenye ukuta uliopakwa chokaa juzijuzi. Mwaka jana alikuwa anaweka dole gumba badala ya sahihi. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule.

Lakini mratibu wa elimu ya watu wazima anakuja Jumamosi kukagua gazeti, na hotuba hakuna. Hilo linanitia hofu.

Mwenye mashine nilimwomba radhi, nikaahidi kuupaka ukuta upya. Alikuwa amenuna. Akausogelea, akasoma jibu la Mama Sekela.

"Acha kwanza, Mwalimu," akasema. "Hiyo dawa ya moshi wa pilipili sijaijaribu."