Dereva Wangu Anasema Feni Ndiyo Inakula Mazutu

Maman Béatrice, mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo Papa Mulume wa Bukavu atanipigia simu tena kuniuliza dereva wangu ni muntu wa aina gani, na mpaka sasa sijui nitamjibu nini.

Mimi nilizaliwa Uvira, nikarudi Rwanda na mtoto mgongoni, nikauza nyanya pale mpakani, nikauza maharage, nikauza mchele kwa kilo kisha kwa gunia, na leo nina lori langu mwenyewe linalobeba mchele kutoka mashine za Bugarama mpaka soko la Kamembe, na hakuna bwana wala benki iliyonisukuma, ndiyo maana sipendi muntu anichezee akili. Shule niliacha mapema lakini hesabu haijawahi kunishinda: gari hiyo, kushuka tupu na kupanda imejaa, ilikuwa inakunywa dizeli, hayo mazutu yetu, lita ishirini na mbili, mvua au jua, na tangu kiangazi kilichopita inakunywa ishirini na sita, barabara ile ile, magunia yale yale. Hizo lita nne zinakwenda wapi kama si kwenye bidoni, dumu la dereva?

Dereva anaitwa Twagirayezu. Ameendesha gari hiyo tangu nilipoinunua, mke wake Mwavita ndiye marraine, mama wa ubatizo, wa binti yangu, tunasali kanisa moja, na hapo ndipo panaponiuma. Nilipomuuliza hakupiga kelele, alisema kwa sauti ya chini, "Maman, ile feni ya direct ndiyo inakula mazutu. Gari inachoka."

Nikamwambia mbele ya batu wote pale parking ya Kamembe, "Direct haina mdomo. Mwenye mdomo ni wewe." Batu wakacheka, na mimi nikacheka.

Usidhani ni hasira tu, maana gari ni nzima kabisa: kiangazi hicho ilichemka kwenye mlima wa kutoka Bugarama, nikaenda mwenyewe kwa fundi, nikamwambia anifungie feni direct kama tunavyofanyaka huku, ikamate moja kwa moja bila maneno, na tangu hapo haijachemka tena, feni inapuliza tangu gari ikiwashwa asubuhi mpaka jioni, hata kwenye baridi ya Kamembe, inanguruma kama ndege inayotaka kuruka, na sindano ya joto inachelewa kupanda mpaka unafikiri imekufa. Mlimani tu ndiyo gari imekuwa mvivu, nikasema ni dereva anakanyaga vibaya. Nikapanda hata mimi, nikakaa kando yake kwenda na kurudi, macho kwenye geji, hatukusimama popote isipokuwa kwenye mashine ya mpunga tukipakia, injini ikiwaka, na mimi sikushuka. Tulipojaza tanki tena zikaingia lita ishirini na sita. Nikaona huyu ni fundi wa wizi, anaiba hata ukimwangalia.

Wiki iliyopita nilinyoosha mkono nikadai ufunguo. Hakubishana, aliniwekea kwa mikono miwili kama unavyompa mkubwa wako kitu, na sijui kama alikuwa ananiheshimu au ananicheka, ila ile mikono inanirudia kila nikifunga macho. Sasa Papa Mulume anataka kumpa gari yake. Nikisema ni mwizi, hakuna muntu Bukavu wala Kamembe atakayempa usukani tena. Nikinyamaza, nitakuwa nimemtupia mwenzangu mwizi. Niseme nini?

Mama wa Lori, Kamembe

*

Mama wa Lori,

Pole. Aliyetoka kwenye nyanya mpaka kwenye lori ana haki ya kulinda tanki lake. Lakini hapa nitakugombeza, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe na hukuliona.

Ulikaa kando yake safari nzima. Hukushuka. Lita zikawa zilezile. Dada yangu, hesabu hiyo uliifanya vizuri, kisha ukaisoma kinyume. Mazutu yakiisha kiasi kilekile wewe ukiwa umeyakalia, basi hayaendi kwenye bidoni, yanachomwa na injini. Kilichobaki ni kuuliza injini inafanya kazi gani ya ziada, na hilo dereva alikujibu ukawachekesha batu.

Mimi nimezeekea kwenye karakana ya marehemu mume wangu, najua tunavyolipenda hilo neno direct. Kitu kikisumbua, tunaruka kile kinachokiongoza tunaunganisha moja kwa moja, kisha tunasema kimepona. Feni ya lori ina klachi yake katikati. Injini ikipata joto, klachi inaishika feni. Injini ikipoa, inaiachia izunguke kivivu. Fundi, kwa amri yako, aliifunga klachi hiyo kwa bolti. Tangu siku hiyo injini inapanda mlima na feni mgongoni, kama mama aliyebeba mtoto anayeweza kutembea. Ule mngurumo, ile sindano inayochelewa, ule uvivu mlimani: ulieleza ugonjwa wote ukauita uzima.

Usiniamini kwa maneno. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi na ufunguo uko mfukoni mwako, fungua boneti, shika feni uizungushe kwa mkono. Iliyo nzima inageuka kwa uzito kidogo, kama mwiko kwenye uji. Ikigoma kabisa, imefungwa.

Lakini usitoe bolti ukaondoka hivyohivyo, utachemka tena mlima uleule, maana kilichokuchemsha mwanzo bado kipo. Unasema gari inasubiri kwenye mashine ya mpunga injini ikiwaka. Unafikiri feni inavuta nini pale? Pumba, nazo zinaziba rejeta. Fundi aoshe rejeta kwa maji, kutoka upande wa injini kuja mbele, ndipo aweke klachi mpya. Na mkipakia, zimeni injini. Kisha pima tena. Lita zikikataa kushuka, tafuta ugonjwa mwingine ndani ya gari, usirudi kutafuta kwenye mifuko ya muntu.

Sasa Twagirayezu. Papa Mulume usimngoje Jumamosi, mpigie leo. Huna haja ya kusubiri klachi, ile safari mliyokaa pamoja inatosha. Mwambie ulimshitaki muntu ambaye gari yako mwenyewe imemtetea.

Na usiende nyumbani kwake jioni na kilo ya sukari, ukaongea na Mwavita jikoni, mkakubaliana kwamba yamekwisha. Hayakuanzia jikoni. Rudi parking, asubuhi batu wakiwa wengi, umwite kwa heshima. Wewe ni muntu wa namba: taja ishirini na sita, taja kwamba ulikuwa umekaa kando yake, taja ni nani aliyeagiza direct. Watacheka tena. Safari hii waache wakucheke wewe.

Kisha mpe ufunguo. Akiuchukua, mshukuru. Akiukataa akaenda zake Bukavu, mshukuru vilevile, hiyo ni haki yake. Lakini asikuone unaunyoosha kwa mkono mmoja. Mpe kwa mikono miwili, kama alivyokupa.

Maman Béatrice