Mwizi wa Kitabu cha Mponde

Mume mwenzangu Elia,

Katika Usambara nzima hajazaliwa msomaji wa kunishinda mimi babu yako, na darasa la nne lenyewe sikulimaliza. Marahaba, najua umeniamkia. Huku hatujambo, mapeasi yameiva na bibi yako ananigombeza kama kawaida.

Unataka maoni mafupi kuhusu kitabu nilichokifurahia, uwasomee wenzako shuleni. Kilikuwa cha mpelelezi anayemsaka mwizi. Sisi wachuma chai wa Mponde tulikuwa nacho kimoja tu, basi tukakigawa vipande vitatu ili tusome kwa zamu. Jioni, tukisubiri lori la majani, kila mtu alisema alivyokiona chake. Mimi nilikuwa na kipande cha kwanza, nikatangaza kwamba mwizi ni daktari na hakuna wa kunibishia.

Msichana mwenye kipande cha mwisho akacheka. "Kaka, umeishia mlangoni, unatusimulia ya chumbani."

"Basi niazime chako."

"Kifuate nyumbani."

Nikaoga, nikavaa koti la kuazima, nikaenda. Baba yake akadhani nimeleta posa. Nikamtazama yule binti, naye hakukanusha, na mimi nikanyamaza. Ndiye bibi yako huyo.

Waambie wenzako kitabu kile ni kitamu sana, kilinipatia mke. Ila kile kipande mama mkwe alikuwa ameshakitumia kuwashia moto, na bibi yako kila nikimuuliza hunitajia mwizi mwingine. Mpaka leo sijui kama alikuwa daktari.

Babu yako