Mpira wa Moto Uliochomoka Katika Picha ya Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Tseng Wan-ju. Umri: miaka 38. Kazi: mpiga picha. Makazi: Taitung.

Mnamo tarehe 14 Septemba 2019, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa ufukweni nikimpiga picha Chiu Ting-hao, anayecheza na moto. Huzungusha mipira miwili ya moto iliyofungwa kwenye minyororo. Dada yake, Chiu Mei-yun, ndiye huichovya kwenye mafuta ya taa na kukagua minyororo. Nimefanya nao kazi miaka sita.

Huwa naiacha kamera wazi kwa sekunde nane, moto unachora duara gizani, na mwishoni nabonyeza flashi kwa mkono ili mwili wa Ting-hao nao uonekane. Picha mbili za kwanza zilitoka vizuri. Mei-yun alimtania ndugu yake kwamba siku hizi tumbo linatangulia kuingia kwenye picha. Watazamaji walioketi nyuma ya kamba wakacheka.

Katika picha ya tatu, mpira wa kushoto ulichomoka. Nilibonyeza flashi kwa mazoea, mpira ukiwa tayari hewani. Ulimpiga begani Mzee Fang Jung-kuei, fundi baiskeli mstaafu aliyekuja kutazama, shati likashika moto. Ting-hao alimlalia mpaka moto ukazimika. Gari la wagonjwa lilifika saa moja kasoro dakika tano. Mzee bado amelazwa.

Nimeambiwa Mei-yun alieleza hapa kituoni kwamba flashi yangu ilimtia ndugu yake kiwi cha macho, akaachia mnyororo. Sivyo. Picha inaonyesha mkono wa kushoto wa Ting-hao umeufumbata mnyororo, na mwisho wa mnyororo hauna kitu. Pete ya kuunganishia mpira na mnyororo ilikatika.

Jana saa nne asubuhi Mei-yun alikuja kwangu na uji wa mchele. Hakuketi. Alisema aliiona pete imelika tangu Alhamisi, akaiacha kwa kuwa lilibaki onyesho moja tu. Akaniomba niifute picha.

"Dada Wan-ju, wewe watasema ulikosea kubonyeza, basi. Mimi watanifunga."

Nilimwambia sitaifuta. Akauliza kama miaka sita si kitu kwangu. Alipoondoka niliunywa ule uji.

Kadi ya kamera nimeikabidhi leo.

Kuna jambo ambalo sikuulizwa. Mzee Fang alikuwa ameketi nyuma ya kamba pamoja na wengine. Mimi ndiye niliyemwomba avuke kamba asimame upande wa kushoto wa Ting-hao, kwa sababu umbo la kofia yake lingependeza mbele ya moto. Alisita kwanza.

"Mimi na sura hii? Utaharibu filamu, binti."

Nikamwambia siku hizi kamera hazitumii filamu, aje tu. Akaja.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda.

Sahihi: Tseng Wan-ju

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo haya tarehe 17 Septemba 2019, saa tano na robo asubuhi. Nilimweleza kwamba sehemu ya mwisho inaweza kutumika dhidi yake, na kwamba anaruhusiwa kuiondoa. Aliomba kalamu, akatia sahihi ya pili pembeni mwa sehemu hiyo.
Sajini Pan Chih-yuan